Siku saba Bukavu–Goma–Bukavu: nimefuata santuri ya Randy Weston

Wengi wameniuliza nilienda Goma kufanya nini na kinanda mgongoni. Nilienda kusikiliza santuri moja, basi. Nimeandika haya nikiwa nyumbani Bukavu, natumia kadaftari kangu na picha za kwenye simu.

Kwanza mjue ni nani. Randy Weston ni mpiga piano wa jazi, mzaliwa wa Brooklyn, New York, tarehe 6 Aprili 1926. Mwaka 1960 alirekodi kazi kubwa inaitwa Uhuru Afrika, ndiyo, jina la Kiswahili, na mwanzoni kabisa kuna mtu anasema kwa Kiswahili. Mimi nafundisha watoto kinanda huku Kadutu, Jumatano na Jumamosi, na hii kazi nilikuwa nayo kwenye simu miaka mitatu ila faili langu lilikatwa mwanzo, linaanzia katikati ya ngoma, ule usemi haupo. Nilijua upo kwa kusoma tu. Alafu mwezi wa nane mwanakwaya mwenzetu akaniambia kuna mzee Goma, Himbi, anayo diski yenyewe, ile nyeusi ya sindano. Nikapanga safari siku hiyo hiyo.

Siku ya 1, Alhamisi 30 Agosti 2018, bandarini

Waliniambia boti inatoka saa kumi na mbili jioni, nikafika saa kumi, ikatoka saa mbili kasoro usiku. Daraja la chini nililipa dola 10. Zile boti za mbio za mchana zilikuwa zinakata ziwa kwa saa tatu hivi lakini bei yake ilikuwa mara nne au tano, na ukiwa na kifaa walikuwa wanakutoza mzigo. Hata kwenye boti kubwa walitaka franka 5,000 kwa kinanda, nikawaambia huu si mzigo ni kazi yangu, tukaelewana 2,000.

Kiti changu kilikuwa kimeuzwa mara mbili, namba ile ile kwenye tiketi yangu na ya mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, na karani aliyetuuzia alikuwa ameshashuka zamani. Niliumia moyo kwa sababu huyo mama alilipa pesa yake kama mimi na hakuna mtu wa kumuuliza. Nikamwachia, yeye akasema "apana kaka, tutakaa kwa zamu, usiku ni murefu," na kweli saa nane za usiku aliniamsha pale nilipokuwa nimelala juu ya begi akanipa kiti, mtoto akamhamishia mapajani kwa dada mwingine.

Papa mmoja jirani akauliza kama ule mfuko ni gita. Nikasema kinanda, papa. Unapiga nini? Jazi. Akafurahi sana, "A, OK Jazz! Franco!" akaanza kuimba palepale. Sikumkosoa kwa sababu hajakosea. Wazee wetu waliziita bendi zao jazi, African Jazz ya Kabasele, OK Jazz ya Franco, na ilikuwa rumba. Ila nilimwambia kitu kimoja kilichonikaa kichwani njia nzima: mwanzo wa 1960 Kabasele na African Jazz walikuwa Bruxelles wakati wa ile Table Ronde, mkutano wa kujadili uhuru wa Kongo, wakarekodi Indépendance Cha Cha. Mwezi wa kumi na moja wa mwaka huo huo Randy Weston akaingia studio New York na Uhuru Afrika. Mwaka mmoja, nchi 17 za Afrika zimepata uhuru, yetu tarehe 30 Juni, na hawa wawili kila mmoja upande wake wa bahari anaiimba habari ile ile. Papa akanyamaza kidogo alafu akasema "basi walikuwa banaitikiana."

Karibu na kisiwa cha Idjwi wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, walikuwa wamewasha taa zao, ziwa limejaa nukta za njano, na wanaimba wakipiga makasia, mmoja anatoa neno wengine wanajibu. Nilitoka nje kuwasikiliza mpaka baridi ikanishinda.

Kwa atakayesafiri usiku: beba koti kweli kweli hata kama mchana jua linachoma, maji yako, na chenji ndogo ndogo. Chakula kwenye boti kilikuwepo, wali na maharage franka 3,000, ila kiliisha mapema.

Siku ya 2, Ijumaa 31 Agosti, Goma

Tumefika saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kushuka kulichukua karibu saa nzima kwa sababu ya Ebola, ilitangazwa tarehe 1 Agosti huko Mangina upande wa Beni, kwa hiyo bandarini kila mtu alikuwa ananawa maji ya klorini alafu anapimwa joto kwenye paji la uso. Hapakuwa na sababu ya kulalamika, wale vijana walikuwa wanasimama kwenye baridi tangu usiku kwa ajili yetu sote.

Moto, yaani pikipiki ya abiria, mpaka Katindo franka 1,000 kwa sababu ya kinanda, bila mzigo ilikuwa 500. Chumba dola 15, maji ya ndoo, kisafi. Nikapiga simu kwa mzee, kumbe yuko kwenye matanga Rutshuru, atarudi kesho. Siku nzima ikapita hivyo, nililala, nikala mishikaki ya mbuzi na ndizi, nikalala tena, vumbi la Goma limeingia mpaka kwenye vibonyezo vya kinanda.

Siku ya 3, Jumamosi 1 Septemba, Himbi

Hii siku nitaisema taratibu.

Mzee ana miaka sabini na kitu, nyumba ya mbao juu ya mawe ya volkano, ua umepangwa maua kwenye makopo ya maziwa. Alinipokea kama mtoto wake, "karibu mwanangu, umetoka mbali kwa ajili ya mambo ya kelele," akacheka. Diski ilikuwa ya kaka yake mkubwa marehemu aliyeinunua Bruxelles. Ilikuwa kwenye kitenge, kitenge ndani ya mfuko wa ngano, mfuko chini ya kitanda. Akaniambia Januari 2002 volkano ilipotema moto na lava ikashuka mpaka ziwani, yeye alikuwa anaishi katikati ya mji, akakimbia upande wa Gisenyi, Rwanda, na vitu viwili, bahasha ya hati za nyumba na diski sita ndani ya kitenge hicho. Zilizobaki, zaidi ya mia moja, ziliungua pamoja na nyumba. Nikamuuliza alichaguaje sita. "Sikuchagua, nilishika za juu."

Tukaweka mashine mezani, na umeme ukakatika. Tulisubiri saa mbili. Mama jirani anauza maji baridi na ana jenereta kwa ajili ya friji yake, akasikia tunalalamika, akapitisha waya juu ya ukuta bila kuombwa. Nilinunua lita mbili za mafuta nikampelekea, akachukua moja, nyingine akairudisha.

Mkono wa sindano umelegea kwa uzee, kwa hiyo mzee ameubandika juu sarafu ya zamani ya makuta, ya wakati wa Zaire, ili uwe mzito kidogo usirukeruke. Akaushusha na vidole viwili, taratibu, kama mtu anamlaza mtoto. Zikaja zile kelele za mikwaruzo, krr krr, alafu ngoma, alafu sauti ya mwanaume. Kiswahili. Wazi, hakina haraka, kinatamka Uhuru kama mtu anaita jina la ndugu yake.

Jamani nililia. Sioni aibu kusema.

Huyo anayesema ni Tuntemeke Sanga, Mtanganyika. Maneno ni shairi la Langston Hughes, yule mshairi mkubwa wa Wamarekani weusi, Weston alimwomba aandike, na likageuzwa Kiswahili. Kwa nini Kiswahili? Weston mwenyewe alieleza kwamba alienda kwa wanadiplomasia wa Afrika pale Umoja wa Mataifa, New York, akawauliza kama ni kuchagua lugha moja ya kuwakilisha bara zima ni ipi, wakamjibu Kiswahili. Na ndani ya shairi mto Kongo unatajwa. Mimi nimekulia hapa, naambiwa tangu utotoni lugha ya maana ni Kifaransa, Kiswahili ni cha sokoni, na kumbe mwaka ule wa uhuru wetu mtu wa Brooklyn ambaye alikuwa hajakanyaga Afrika hata siku moja anaweka Kiswahili mbele ya okestra kubwa vile. Lagos alifika mwaka uliofuata tu, 1961.

Na okestra yenyewe muisikilize vizuri. Kwenye ngoma kuna Max Roach, kuna Babatunde Olatunji wa Nigeria, kuna Candido na Armando Peraza, Wakuba. Saksofoni na filimbi Yusef Lateef. Waimbaji Martha Flowers na Brock Peters. Sehemu zake ni nne: Uhuru Kwanza, African Lady, Bantu, na ya mwisho inaitwa Kucheza Blues. Aliyezipanga sauti zote hizo, nani aingie wapi na nani anyamaze, ni mwanamke, Melba Liston, mpiga tromboni. Huyu watu wanamruka wakisimulia. Walifanya kazi pamoja tangu miaka ya hamsini mpaka miaka ya tisini, na ukisikia African Lady jinsi ala zinavyomzunguka mwimbaji bila kumfunika, hiyo ni kazi ya Melba.

Mwaka 1964 serikali ya makaburu Afrika Kusini ikaipiga marufuku. Mzee aliponisikia nasema hivyo akaitoa diski, akaifuta na pindo la shati, akarudisha Kucheza Blues mara ya pili. Mguu wake wa kulia ulikuwa unapiga chini lakini si pale ninapopiga mimi, yeye anapiga katikati ya mapigo, kama watu wa zamani wanavyocheza.

Mjukuu wake wa miaka tisa hivi akasimama mlangoni kusikiliza ule usemi wa mwanzo, akauliza "huyu ni Mutanzania? Anaongea kama redio." Alimtambua kwa sekunde tano.

Tulikula bugali, sambaza za kukaanga na sombe, majani ya muhogo, na mzee akakataa kabisa nitoe pesa. Niliomba kurekodi mwanzo tu kwa simu, kwa ajili ya watoto, akasema rekodi, ndo maana nilikimbia nayo.

Ushauri: ukienda kwa mtu hivi usiende mikono mitupu, mimi nilibeba kahawa ya Kivu na sukari kilo mbili. Na usiguse sindano ya mwenyewe.

Siku ya 4, Jumapili 2 Septemba

Nilitoka misa ya kwanza, nikaweka megabaiti za franka 1,500, simu ikaanza kuita ujumbe. Randy Weston amefariki. Jumamosi tarehe 1 Septemba, nyumbani kwake Brooklyn, miaka 92.

Nilikaa kwenye jiwe nje ya kanisa, nimeshika simu. Ni siku ile ile sisi tuko Himbi na sarafu ya makuta na mafuta ya mama jirani. Nikachukua moto moja kwa moja kwa mzee. Alikuwa amevaa suti yake ya misa, akakaa, akauliza kama ana watoto. Nikamwambia alikuwa na binti Pamela na kijana Niles, na kila mmoja alimtungia wimbo walipokuwa wadogo, Pam's Waltz na Little Niles. Huyo Niles baadaye akaitwa Azzedin, akawa mpiga ngoma, akapiga na baba yake.

Tukaongea matanga kabisa, kama tunavyofanya kwetu, unasimulia maisha ya mtu. Baba yake alikuwa na mgahawa Brooklyn na alikuwa mfuasi wa Marcus Garvey, mtetezi wa watu weusi, alimwambia mtoto wake tangu mdogo kwamba wewe ni Mwafrika uliyezaliwa Marekani. Ndiye aliyemlazimisha piano. Randy alitumika jeshini, akafika Okinawa, akarudi akauza chakula kwenye mgahawa wa familia, na wanamuziki wakija kula wanakaa mpaka usiku wa manane kubishana. Alimfuata Thelonious Monk, mpiga piano mwingine wa jazi, mpaka kwake, akakaa masaa, Monk hasemi kitu, na hapo ndo alijifunza. 1967 serikali ya Marekani ikamtuma kuzunguka nchi 14 za Afrika, safari ikaishia Moroko, na yeye akarudi kuishi huko, akafungua klabu Tangier, akaiita African Rhythms. Huko akakutana na Gnawa, kizazi cha watu waliovushwa Sahara kwa utumwa, wana ala ya nyuzi tatu yenye sauti nzito na vyuma vya kugonganisha mikononi. Yeye akasema hao ni ndugu zake, akapiga nao karibu miaka hamsini.

Mzee akasema basi umpigie kitu. Kinanda changu ni vibonyezo 61, na hapo ndo tatizo, piano kamili ina 88, na Weston anaishi chini kabisa, mkono wake wa kushoto unashuka kule ambako changu kimeshakatika. Alikuwa mtu wa zaidi ya mita mbili, vidole virefu, anagonga noti ya chini moja tu na kuiacha izunguke chumbani.

Mzee akampigia simu sakristeni, mtunza vitu vya kanisa, wa parokia moja. Kumbe kuna piano ya mapadri wa zamani imefunikwa zulia. Sakristeni alitufungulia saa tisa, akaleta kitambaa akaifuta mwenyewe, mtu hanijui wala simjui. Vibonyezo saba havilii, kimoja kimezama hakipandi. Lakini kule chini, upande wa kushoto kabisa, nyuzi zote zipo. Nikagonga moja na kidole cha mwisho nikaiacha. Ubao wa benchi ulitetemeka. Sakristeni akaweka kiganja chake ubavuni mwa piano akakiacha hapo mpaka sauti ilipoisha.

Nilipiga Little Niles, ni ya mapigo matatu, inazunguka kama mtoto anayejizungusha mwenyewe, na pale kwenye kibonyezo kilichozama niliruka. Alafu nikapiga Congolese Children, alirekodi 1963, tuko hapo, wakongomani watatu na piano mbovu, nikaipiga mara mbili.

Siku ya 5, Jumatatu 3 Septemba, barabarani

Sikutaka tena ziwa, nikachukua basi dogo, dola 15, saa kumi na mbili asubuhi kwenye tiketi na saa tatu kwenye ukweli. Ilikuwa siku ya kufungua shule nchi nzima, kwa hiyo kutoka Goma mpaka Sake barabara imejaa watoto bluu na nyeupe, viatu vipya, dereva anapita taratibu na mimi nilishukuru.

Lami iliisha Sake. Baada ya hapo Minova, alafu milima, mawe, malori yamekwama. Kupita Nyabibwe springi ikavunjika. Tulikaa kando ya njia toka saa nane mpaka giza, mama mmoja mwenye shamba juu ya barabara akatuteremshia mahindi ya kuchemsha na avoka kwenye beseni, watu kumi na nne, akakataa pesa akasema labda mumununulie mutoto daftari. Tulichanga franka 9,000. Usiku tukalala Kalehe, chumba dola 5.

Anayepita njia hii: usipange kitu siku hiyo hiyo jioni, na kaa kiti cha mbele ya ekseli kama una kifaa, changu kilikuwa nyuma na kibonyezo kimoja kimelegea.

Siku ya 6, Jumanne

Katana, Kavumu, lami, Bukavu saa nane mchana, nikaoga.

Jumla yote, boti, basi, vyumba, chakula, moto, mafuta: dola 108.

Siku ya 7, Jumatano 5 Septemba, Kadutu

Watoto walikuja tisa. Niliwawekea ile rekodi ya simu, mikwaruzo na yote. Walirudisha mara nne, mara ya tano wanaisema pamoja naye. Nikawaambia ameaga, wakauliza alikuwa mrefu kiasi gani, nikachora alama mlangoni kwa chaki, juu ya mita mbili, wakapanga foleni kujipima. Nikawafundisha mwanzo wa Hi-Fly, kazi yake nyingine ambayo aliitunga kwa sababu ya urefu wake huo, jinsi dunia inavyoonekana ukiwa kule juu.

Nikawaeleza kuhusu vibonyezo 61 na zile noti za chini zisizokuwepo kwetu. Binti mmoja wa miaka kumi na mbili akasema kwaya ya vijana wanacho kinanda kingine, akatoka mbio, akarudi nacho kichwani. Tukakibonyeza kishuke oktavu moja, tukakiweka kushoto kwa changu, vikagusana. Yeye akakaa kwenye kile cha chini, mdogo wake kwenye cha juu, na kabla sijasema anzeni akagonga ile ya mwisho kabisa, akainua mkono juu, akaiacha.